Alama za maendeleo zisizo na shaka: mwongozo kwa mwalimu wa Kidato cha Tatu na cha Nne

Kila mwaka, walimu wapya wanaopangiwa Kidato cha Tatu na cha Nne hapa Pemba huja na maswali yaleyale. Mwanafunzi ambaye hakufanya jaribio nimwandikie nini? Mwenzangu wa 3B anatoa alama kwa ukarimu na mimi nabana, tufanyeje? Nimeambiwa alama za darasa langu ni ndogo, nizipandishe? Mtoto wa dada yangu yumo darasani, nimsahihishie mwenyewe? Haya ndiyo majibu yangu, yamepangwa hatua kwa hatua ili uweze kuyafuata tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Kwanza ujue kwa nini jambo hili ni zito. Alama za maendeleo, au CA kama tunavyoziita ofisini, ni sehemu ya mtihani wa taifa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndilo lililotaka mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani mmoja wa mwisho peke yake, na kazi zake za darasani nazo zihesabiwe. Mitihani yetu hadi Kidato cha Pili iko chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar, lakini Kidato cha Nne na cha Sita ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA. Kwa hiyo alama unayomwandikia mtoto wa Micheweni itapangwa pamoja na ya mtoto wa Mwanza. Ukimpunja, umempunja mbele ya nchi nzima. Ukimzidishia, umemdhulumu mwenzake ambaye hata humjui.

Nina kanuni moja, na hatua zote hapa chini zinatoka humo: kila alama iwe na karatasi yake. Ikiwa mtu anaweza kukuuliza "hii 64 imetoka wapi?" na wewe ukamfungulia bahasha ukamwonesha, umefanya kazi yako. Ikiwa jibu lako ni "namjua huyu kijana, uwezo wake ndio huo", basi hiyo 64 ni maoni yako tu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Waraka wa mwaka huo unaoeleza alama zipi zinachukuliwa na kila moja ina uzito gani. Mgao huu umewahi kubadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu za mwenzako aliyesomesha Kidato cha Nne miaka ya nyuma. Muulize mwalimu wa taaluma, uusome mwenyewe.
- Daftari la alama lenye jalada gumu na kurasa zilizotiwa namba kwa kalamu. Kurasa zikiwa na namba, hakuna atakayeng'oa moja bila kujulikana.
- Orodha ya wanafunzi iliyotoka kwenye rejista, kila mmoja na namba yake.
- Bahasha kubwa, na kabati lenye kufuli. Kama ofisi yenu haina kabati la namna hiyo, omba nafasi kwenye la mkuu wa skuli.
- Mwalimu mwenzako wa somo hilohilo, wa skuli yako au ya jirani.

Kompyuta ni msaada mzuri, lakini si sharti. Umeme ukikatika, daftari linabaki palepale.

Hatua

1. Tangaza mpango wote mwanzoni mwa muhula. Andika majaribio ni mangapi, wiki gani, mada zipi, kila moja lina alama ngapi, na kazi mradi itakusanywa lini. Mkuu wa idara asaini, kisha bandika ukutani. Usiweke jaribio Ijumaa karibu na saa sita, wala siku mbili kabla ya sikukuu. Tazama pia msimu wa karafuu. Ukiwa unasomesha maeneo ya mashamba unajua kabisa kwamba karafuu zikiwiva nusu ya darasa linapungua. Huwezi kuusimamisha msimu, lakini jaribio lenye uzito mkubwa unaweza kuliweka kabla yake. Na kama una mwanafunzi mwenye uoni hafifu au anayeandika kwa tabu, amua sasa kama atapewa maandishi makubwa au muda wa ziada, na uliandike hilo. Likiamuliwa siku ya jaribio, wenzake wataona amependelewa.

2. Tunga maswali pamoja na mwongozo wa kusahihisha, siku moja, kabla hujaona karatasi ya mwanafunzi yeyote. Swali la alama nne liwe na hoja nne zilizoandikwa, na majibu mengine utakayoyakubali. Amua mapema pia juu ya Kiingereza. Watoto wetu wanajibu biolojia na jiografia kwa lugha hiyo, na wengi wanajua jambo lakini tahajia inawashinda. Je, neno lililokosewa herufi moja linapata alama? Mimi huliandika wazi: likisomeka na maana haijabadilika, linapata. Wewe unaweza kuamua vingine, ila uamuzi uwe mmoja kwa darasa zima, kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho.

3. Linda karatasi. Hapa ndipo uaminifu unapovunjika mara nyingi, na mara nyingi bila mtu kukusudia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Duka la steshenari ni mahali pa kwanza pa hatari. Unatuma jaribio kwa WhatsApp kwa kijana wa dukani akuchapishie, unachukua nakala zako, unaondoka. Faili imebaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta yake. Jioni hiyo anaingia mwanafunzi wako kutoa fotokopi, na kijana wa dukani ni mtoto wa mtaa wake. Nenda mwenyewe na fleshi. Fungua faili kutoka kwenye fleshi hiyohiyo bila kuihamishia kwenye kompyuta ya duka, simama hapo mpaka mashine imalize, na uondoke na nakala zilizoharibika pia, hata zilizochapwa nusu. Kama skuli ina mashine yake, tumia hiyo hata ikiwa ni ya taratibu.

Mahali pa pili ni mikondo. Skuli zetu nyingi zina wanaoingia asubuhi na wanaoingia mchana. Ukiwapa 3A jaribio asubuhi na 3C jaribio hilohilo mchana, unapima nani ana rafiki 3A. Una njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo bora, ni kuwakusanya wote kwa wakati mmoja, hata ikibidi Jumamosi asubuhi. Ya pili ni kutunga karatasi mbili zenye uzito sawa. Karatasi zenye uzito sawa hubadilisha tarakimu na mifano, aina ya swali inabaki ileile. Wa asubuhi wakitafuta vigawo vya x² − 5x + 6, wa mchana wape x² − 7x + 12. Ukiwapa wa mchana 6x² + 7x − 20, umewapa jaribio jingine kabisa, na ukilinganisha alama zao utakuwa unawaonea.

Nakala zisizotumika zihesabiwe na kurudi kwenye bahasha. Andika juu yake: zilizochapwa ngapi, zilizotumika ngapi, zilizobaki ngapi.

4. Simamia kama mtihani wa taifa. Mabegi mbele, simu kwa msimamizi, madawati yaachane kadiri chumba kinavyoruhusu. Darasa likiwa limebanana mno, wagawe wafanye nusu nusu kwa karatasi mbili kama nilivyoeleza, au omba ukumbi. Usisahihishe kazi nyingine wakati wa kusimamia. Ukimkuta mtu anaigilizia, usimpokonye karatasi wala kumtoa mbio: weka alama kwa kalamu nyekundu pale alipofikia, andika saa, mwache aendelee, na uandike taarifa fupi siku hiyohiyo. Ukimfukuza papo hapo na baadaye ikaonekana ulikosea, hutaweza kumrudishia saa yake.

5. Sahihisha swali kwa swali. Karatasi zote swali la kwanza, kisha zote swali la pili. Ukisahihisha mwanafunzi kwa mwanafunzi, yule aliyeanza vizuri anakuvuta umsamehe mwishoni, na aliyeanza vibaya humtazami tena kwa jicho la haki. Waandike namba zao, wasiandike majina, au ukunje kona yenye jina. Najua mwandiko wa wanafunzi wako unaujua. Hata hivyo jina lisipokuwa mbele yako, mkono unakuwa mwepesi kufuata mwongozo. Geuza mpangilio wa rundo kila unapoanza swali jipya, maana karatasi za mwisho mara zote husahihishwa na mtu aliyechoka, na haifai mwanafunzi yuleyule awe wa mwisho kila mara.

Likitokea jibu sahihi ambalo hukulitarajia, liongeze kwenye mwongozo, na urudi nyuma kwa wote uliokwisha kuwapita. Hili linaudhi, hasa usiku. Lifanye.

Mtoto wako, mtoto wa nduguyo, au kijana anayeishi nyumbani kwako: karatasi yake isahihishwe na mwenzako. Mwambie mwalimu wa taaluma mwanzoni mwa mwaka, iandikwe, yaishe. Kisiwa chetu ni kidogo, kila mtu ana jamaa, na hakuna aibu yoyote katika kusema. Vivyo hivyo ukiwa unasomesha tusheni ya kulipiwa kwa baadhi ya wanafunzi wako. Usitunge jaribio peke yako, kwa sababu hata ukiwa mwaminifu, mazoezi ya tusheni na maswali ya jaribio vitatoka kwenye kichwa kimoja.

6. Linganisha na mwenzako kabla ya kuandika alama daftarini. Chagueni karatasi kumi: tatu za juu, nne za kati, tatu za chini. Kila mmoja asahihishe kwa kipande chake cha karatasi bila kuona alama za mwenziwe. Tofauti ya alama mbili tatu katika mia ni ya kawaida. Ikiwa mmoja yuko juu kila mara, tafuteni ni swali gani linalowatofautisha, kubalianeni linasahihishwaje, na wote wawili mrudie swali hilo kwa madarasa yote. Msiseme "basi tupunguze sita kwa kila wa 3B". Ukarimu wa mwalimu haugawiki sawa. Pengine alama zote sita zimetoka kwenye swali moja la insha ambalo nusu ya wanafunzi hawakulijibu.

Kama uko peke yako katika somo, kama ilivyo kwa walimu wengi wa fizikia, tafuta mwenzako wa skuli ya jirani. Ukiwa kisiwani Kojani, vuka na karatasi kumi tu. Zinatosha.

7. Warudishie karatasi. Kila mwanafunzi aone alama zake, ajumlishe mwenyewe, kisha asaini mbele ya alama yake daftarini. Wape muda maalumu wa kulalamika, tuseme siku tano za skuli, na baada ya hapo funga. Malalamiko yote yaandikwe, na alama ikibadilika, ikate ya zamani kwa mstari mmoja, andika mpya pembeni, saini, tarehe. Usitumie wino mweupe wa kufutia. Halafu kusanya karatasi zote tena. Wengi husahau hapa: wanawarudishia wanafunzi, karatasi zinakwenda nyumbani, na alama zinabaki bila ushahidi.

8. Kazi mradi ifuatilie ikiwa inafanyika, usiisubiri imalizike. Ukipokea mradi uliomalizika tu, hujui umefanywa na nani: kaka aliyeko chuo, kijana wa steshenari mwenye faili ya mwaka jana, au siku hizi programu ya akili mnemba ndani ya simu. Gawa alama kwa vituo. Mpango wa kazi una alama zake, data ghafi zina alama zake, rasimu ya kwanza nayo, kisha ripoti ya mwisho. Data ghafi ndizo zinazosema kweli. Mwanafunzi aliyehesabu miche ya mikoko pwani kwao, au aliyepima uzito wa mwani mbichi na mkavu kwa mama yake, atakuwa na daftari lenye maji ya chumvi, namba zilizokatwa, siku aliyokosa kwa sababu maji yalikuwa yamejaa. Mwisho mkae dakika tano, umuulize maswali matatu: ulianzia wapi, kitu gani kilikushangaza, ungebadilisha nini? Aliyefanya kazi hujibu hata kwa Kiswahili kilichochanganyika. Ambaye hakufanya hunyamaza kwenye swali la kwanza.

Chagua mada zisizohitaji fedha. Mradi unaotaka kamera na uchapaji wa rangi unapima mfuko wa baba.

9. Hesabu kwa njia moja. Kosa la kawaida ni kujumlisha alama ghafi zenye jumla tofauti bila kufikiri. Mwanafunzi amepata 28 kati ya 40, na 33 kati ya 60. Ukijumlisha moja kwa moja ana 61 kati ya 100. Ukigeuza kila moja kuwa asilimia kwanza, ana 70 na 55, na wastani wake ni 62.5. Majibu yote mawili yana maana yake: la kwanza linaupa jaribio la pili uzito zaidi, la pili linayapa uzito sawa. Waraka ukikuambia uzito, fuata huo. Usipokuambia, mkubaliane walimu wote wa somo, na mtumie njia moja kwa wote. Usikadirie desimali njiani. Kadiria mara moja, mwishoni kabisa.

10. Soma kwa sauti kabla ya kutuma. Alama zikishaingizwa kwenye kompyuta, mtu mmoja asome kutoka daftarini na mwingine afuate kwenye karatasi iliyochapwa, namba kwa namba. Mstari mmoja ukiruka, darasa zima linapewa alama za jirani zao, na hutaliona kosa hilo kwa kutazama tu. Saini, mkuu wa idara asaini, mkuu wa skuli asaini. Bahasha za karatasi zibaki kabatini mpaka matokeo yatoke na muda wa malalamiko upite.

Mambo ya kuepuka

Usipandishe alama. Nalisema hili peke yake kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi, na wanaouliza si watu wabaya. Wanataka watoto wa skuli yao wafaulu. Lakini fikiri. Ukimwongezea kila mwanafunzi 15, hakuna aliyempita mwenziwe darasani, na pengo kati ya alama za skuli na za mtihani wa Novemba linabaki wazi kwa yeyote atakayetazama. Mahali pengine duniani pengo hilo linashughulikiwa kwa hesabu. Hong Kong, kwa mfano, mamlaka ya mitihani hulinganisha alama za ndani za skuli na matokeo ya skuli hiyohiyo katika mtihani wa mwisho unaofanywa na skuli zote, kisha hushusha au kupandisha alama za kundi zima, nafasi ya kila mwanafunzi ndani ya skuli ikibaki ileile. Kwetu, NECTA ina mamlaka ya kuzuia au kufuta matokeo udanganyifu ukithibitika, na anayefutiwa ni mtoto. Na kuna madhara ya karibu zaidi: kijana aliyeandikiwa 70 ya kupikwa mwezi wa Mei anaamini yuko tayari. Hasomi. Ulikuwa na miezi kadhaa ya kumwamsha, ukamlaza.

Usishushe alama kwa sababu ya tabia. Sare chafu, kuchelewa, kujibu kwa jeuri: yana adhabu zake na daftari lake. Alama ya kemia ni ya kemia.

Usimwandikie sifuri ambaye hakufanya. Sifuri maana yake alifanya akakosa yote. Aliyekosekana weka mstari na maelezo, kisha tazama hapa chini.

Yakikwama

Amekosa jaribio. Kama kuna sababu inayoeleweka (maradhi, msiba, amekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, na baba yake na huko hakuna njia ya kurudi), mpe jaribio mbadala lenye uzito sawa ndani ya wiki mbili. Usimpe lilelile. Kama hakuna sababu, mpeleke kwa mwalimu wa taaluma, uamuzi uandikwe na wasaini wawili. Wewe peke yako usiamue, kwa sababu utaingiwa na huruma au utaonekana una kisirani.

Jaribio limevuja. Lifute lote, kwa wote, hata kama unadhani ni watano tu waliolipata. Tunga jingine. Ukijaribu kuwachuja waliolipata utaingia kwenye mabishano yasiyokwisha, na wasio na hatia watakuwa miongoni mwao.

Karatasi mbili zinafanana. Tazama makosa, acha majibu sahihi. Wawili kuandika jibu sahihi moja ni kawaida. Wawili kukosea kwa namna moja ya ajabu, kwenye maswali matatu, si kawaida. Waite mmoja mmoja, kila mmoja afanye upya swali moja mbele yako. Mara nyingi utajua mara moja nani aliandika na nani alinakili. Usiwahukumu kabla ya hapo.

Mwanafunzi amehamia kwako katikati ya mwaka. Alama zake zije na uhamisho, zimesainiwa na kupigwa muhuri wa skuli aliyotoka. Zisipokuja, andika barua na uhifadhi nakala. Usizikadirie kwa kumtazama anavyofanya kwako.

Karatasi zimepotea au zimelowa. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi. Ikiwa wanafunzi walishasaini daftarini, alama zinasimama. Ikiwa hawakusaini, rudia jaribio.

Mzazi amekuja nyumbani. Atakuja baada ya magharibi, pengine na mkungu wa ndizi, na atasema, "Maalim, mtazame mwanao huyu." Mkaribishe kwa heshima, usimvunjie uso. Mwambie: "Njoo kesho skuli saa mbili, nikuoneshe karatasi zake zote, tuone wapi panamshinda." Ndizi mshukuru, umwombe arudi nazo. Wengi huja kweli asubuhi ile, na wakishaziona karatasi hawaulizi tena alama. Wanauliza mtoto asome nini.

Mkubwa wako amekuambia upandishe. Usibishane kwa mdomo. Omba kwa adabu maelekezo hayo yawe kwa maandishi, na umwoneshe bahasha. Agizo la aina hiyo kwa kawaida haliandikwi. Likiandikwa, lipeleke kwa mwalimu wa taaluma na ofisi ya elimu ya wilaya, pamoja na daftari lako lenye saini za wanafunzi.